Alama Mbili kwenye Kifua Kimoja

Picha ya eksirei ilikuwa imebandikwa dirishani, na Inspekta alikuwa ameitazama tangu asubuhi mpaka chai yake ikaota ngozi.

Ilikuwa ya kifua cha mwalimu mstaafu aliyelazwa ghorofa ya pili, akipumulia mashine. Siku nne zilizopita aliletwa akihema, akapigwa picha, na picha ikaonyesha weupe mzito chini ya pafu la kulia, pale ambapo maji mabaya hupenda kujikusanya. Daktari wa zamu akamtoboa ubavu ili ayatoe. Maji hayakuwapo. Bomba lilikuta pafu zima likalichana, na mzee wa watu akageuka kutoka mgonjwa wa kuhema kuwa mgonjwa wa kuombewa.

Ubaya wa picha ile ni kwamba ilikuwa na alama mbili. Wapiga picha wa hospitali hii, kama wenzao wengi, wana herufi ndogo za madini ya risasi wanazobandika pembeni mwa mgonjwa kabla ya kupiga, K kwa upande wa kulia na S kwa wa kushoto, ili daktari asikosee ubavu. Kila mmoja amechonga ya kwake kwa alama yake, kama fundi viatu anavyoijua sindano yake. Juu, karibu na bega la mwalimu, palikuwa na K yenye vitone viwili. Chini, karibu na kiuno, palikuwa na K yenye nyota. Watu wawili, kifua kimoja.

Vitone viwili vilikuwa vya mama mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Dada Pumzi, kwa jinsi anavyowapigia wagonjwa kelele, "Vuta pumzi! Shikilia!" mpaka wanasikia waliopanga foleni nje. Yeye ndiye aliyempiga mwalimu picha. Mganga mkuu alikuwa ameshamhukumu: picha yake iliharibika huku chini, akaogopa kurudia kwa kuwa mwezi huo alishaonywa mara tatu kwa marudio, basi akachukua nusu ya picha ya mtu mwingine akaiunganisha. Kamati ingekaa saa nane mchana. Baada ya kamati, pingu. Alichotaka mganga mkuu kutoka kwa polisi ni muhuri tu, tena wa haraka.

Bahati mbaya yake, polisi walimtuma Inspekta. Huyu mama alikaa miaka kumi na miwili kwenye ghala la vielelezo kabla ya kupanda cheo, na kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishang'ata haachi mpaka ashibe. Yeye mwenyewe jina alilijua na hakulichukia.

Aliibandua picha dirishani, akaenda nayo chumba cha eksirei.

Dada Pumzi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wagonjwa, mikono mapajani, macho yamevimba.

"Nisimulie kama ambaye sijasikia kitu," Inspekta alisema.

"Nimesimulia mara nne, afande. Kila nikisimulia naonekana mwongo zaidi."

"Ya tano ni yangu."

"Nilipokea zamu saa mbili na nusu kutoka kwa Mzee Nyota. Mwalimu akaletwa mbiombio. Nikampiga mara moja. Kwenye kioo cha mashine picha ilikuwa nzuri, na huku chini hapakuwa na kitu. Safi! Baada ya dakika tano naitwa juu naonyeshwa hii." Aliinyooshea picha kidole kama mtu anayemnyooshea mwizi wake. "Hii siijui."

"Kioo na faili si kitu kimoja?"

"Kioo kinapata yake, diski inapata yake. Mimi nabonyeza, mengine ni ya Fundi wa kompyuta."

"Picha ikija kwenye kioo, inakuja yote kwa pamoja?"

Dada Pumzi alimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali la kazi. "Hapana. Inakuja kwa mikupuo miwili. Mabega mpaka katikati, halafu mbavu za chini. Unahesabu moja, mbili, imekamilika."

Inspekta aliiandika hiyo. Kisha akamwomba aifungue picha ya mwalimu kwenye kompyuta na kuikuza pale nusu mbili zilipokutana. Ukishaonyeshwa, huwezi tena kutoiona: ubavu mmoja ulianzia kwenye uti wa mgongo vizuri, ukafika katikati, kisha ukaendelea upana wa kidole chini zaidi.

"Picha ina mistari mingapi?"

"Elfu tatu na sabini na mbili, toka juu mpaka chini."

"Na hapa ilipokatika ni mstari wa ngapi?"

Dada Pumzi alisogeza kishale, akasoma namba. "Elfu moja mia tano thelathini na sita."

Inspekta alipiga hesabu pembeni mwa daftari. Ilikuwa nusu kamili, bila kuzidi wala kupungua hata mstari mmoja.

"Wewe ungetaka kuunganisha picha mbili, ungekata wapi?"

"Afande!"

"Nijibu tu. Sijasema umefanya."

Dada Pumzi alimeza hasira, akachora hewani kwa kidole. "Ningefuata ubavu. Ningeshuka nao taratibu, jicho lisigundue. Nani mwenye akili anakata ubavu katikati?"

Hilo ndilo Inspekta alilokuwa akijiuliza. Mtu anayeficha hukata panapojificha. Aliyekata hapa hakujali jicho la mtu, alijali hesabu.

"Hii nyota ni ya nani?"

"Ya Mzee Nyota. Lakini usimfuate huyo, ni mtu mzima wa watu. Miaka thelathini hapa. Fundi mwenyewe ni mkwe wake, kamwoa binti yake wa mwisho."

Kuambiwa usimfuate mtu, kwa Kupe, ni kuonyeshwa njia. Lakini alianza na Fundi.

Alimkuta chini ya ngazi, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, pipi ya kifua shavuni. Walipanda pamoja kwenda chumba cha mitambo. Katikati ya ngazi Fundi alisimama, akainama kurekebisha viatu. Inspekta alisubiri, akatazama vile viatu. Vilikuwa vya kutumbukiza, havina kamba wala gidamu. Ananunua muda wa kupanga maneno, aliwaza, akaliweka jambo hilo kibindoni.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi na mlio wa feni. Fundi alijikohoza kabla hajaulizwa.

"Kompyuta ina kiini cha mfumo," alianza. "Ni programu ya chini kabisa, ndiyo inayogawa kazi. Ichukulie kama karani wa ghala."

"Maghala nayajua. Endelea."

"Kadi ya kamera ikipokea picha, karani anaiweka kwenye kumbukumbu kuu, anahakikisha imetimia, anaandika mstari kwenye rekodi, ndipo anaikabidhi kadi ya diski iihifadhi. Hakuna mzigo unaopita bila yeye." Akakohoa. "Sasa, picha ya mwalimu ipo kwenye diski, lakini mstari wake kwenye rekodi haupo. Umefutwa."

"Umefutwa na nani?"

"Aliyekuwa ameingia kwenye mfumo kwa jina lake saa ile. Mimi sipendi kumsema mtu, afande."

"Naona usivyopenda. Nionyeshe hiyo rekodi."

Aliifungua. Mistari ilishuka kiooni, kila mmoja na saa yake na namba pembeni. Inspekta alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, polepole, kama alivyosoma vitabu vya ghala miaka ile, akitafuta bunduki iliyotoka bila kuaga.

"Hizi namba za pembeni anaziandika nani?"

"Kiini chenyewe."

"Mtu akifuta mstari, kiini kinapanga namba upya?"

Fundi alikohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa kirefu. "Hapana."

"Huu wa saa mbili na dakika kumi, namba yake inaishia na kumi na saba. Unaofuata ni wa saa tatu kasoro dakika tano, unaishia na kumi na nane. Mwalimu alipigwa katikati. Ukichana ukurasa wa kitabu, namba inaruka. Hapa imeruka wapi?"

Fundi aliisukuma pipi kutoka shavu hili kwenda lile.

"Haijaruka," Inspekta alijijibu. "Kwa hiyo hakuna aliyefuta. Picha haikupita kwa karani kabisa. Niambie, kadi ya kamera inaweza kumpa mwenzake wa diski mkononi, karani akiwa hana habari?"

"Kinadharia."

Neno hilo Inspekta alilijua vizuri. Ni la mtu anayekubali huku akikataa.

"Achana na nadharia. Sema kwa kazi."

"Zinaweza. Kifaa kwa kifaa, moja kwa moja. Ni haraka sana. Lakini kuna kizuizi kinachozikataza kadi zisipeane vitu kiholela, na hapa kimefungwa. Tazama mwenyewe."

"Kimefungwa leo. Anayekifungua ni nani?"

"Mwenye nenosiri la mfumo."

"Yaani?"

"Mimi." Akajifuta paji la uso, na chumba kile kilivyokuwa na baridi! "Au aliyeniona nikiliandika. Dada Pumzi huwa anasimama nyuma yangu."

Inspekta alifunga daftari. Alichukia jinsi kijana yule alivyomtupa mwenzake shimoni kwa sauti ya upole. Kila alipokaribia uongo alikohoa, na Inspekta alikuwa amehesabu vikohozi tisa.

Mzee Nyota alikuwa chumba cha kupumzikia, anakata kucha kwa wembe. Mvi zimejaa, koti la kazi limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Herufi yako imefikaje kwenye picha ya mwalimu?"

Hakushtuka. "Herufi inakaa mezani. Mwenye mkono anachukua."

"Meza ipi?"

"Ile ya chumba cha eksirei. Tangu zamani."

Inspekta alitazama mfuko wa koti lake, upande wa moyo. Ulikuwa umeshonewa kiraka kwa ndani, na juu ya kiraka kitambaa kilikuwa kimeshajichora umbo, mgongo ulionyooka na miguu miwili iliyotanuka. Risasi ni nzito. Herufi ilikuwa imejichimbia kaburi mfukoni mwa mzee, na kiraka hicho hakikuwa cha kwanza.

"Mzee wangu, hiyo K haijawahi kulala mezani hata siku moja."

Mkono wa mzee ulipanda kufunika mfuko. Ulikwenda wenyewe, naye alipoona umekwenda aliushusha.

"Siku ile, kabla ya kumkabidhi Dada Pumzi, ulimpiga nani?"

"Dereva wa gari la wagonjwa. Upimaji wake wa mwaka. Saa mbili na dakika kumi, kitabuni yumo."

"Na baada ya dereva?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ni mtu mzima."

Hilo halikuwa jibu, lakini Inspekta hakubishana naye. Ilikuwa saa sita na nusu. Angesimama hapo angemaliza na jambo dogo: Mzee Nyota anamlinda mkwe, mkwe anajilinda mwenyewe, na nusu ya chini ni ya dereva. Aliifuata njia hiyo mpaka mwisho wake. Alirudi kwa Dada Pumzi, wakafungua picha ya dereva.

"Huyu siye," Dada Pumzi alisema mara moja. "Dereva hana weupe hata chembe. Na nyota yake iko huku, si pale."

Inspekta alikaa kwenye kile kigoda. Kwa hiyo kulikuwa na kifua cha tatu. Mtu ambaye hayumo kitabuni wala kwenye rekodi, na hakuna aliyekuwa tayari kumtaja.

"Mashine hii haijui imepiga mara ngapi?" aliuliza, zaidi kwa kuchoka kuliko kwa akili.

"Inajua. Kuna kihesabu huku nyuma, cha mafundi wa matengenezo. Sisi tunakisoma tu kila saa ikitimia na wakati wa kukabidhiana zamu, tunaandika kwenye kijitabu. Hakuna anayekitazama."

"Kiko wapi hicho kijitabu?"

Kilikuwa kinaning'inia kwa uzi ubavuni mwa mashine, kimechakaa pembe. Inspekta alikifungua kwenye tarehe ile. Mwandiko wa Mzee Nyota ulikuwa mzuri, wa shule za zamani. Saa mbili kamili: mia mbili kumi na nne. Saa mbili na nusu, makabidhiano: mia mbili kumi na sita.

Mipigo miwili. Mgonjwa mmoja.

Mdomo wa mzee ulikuwa umekataa, lakini mkono wake, baada ya miaka thelathini ya kuandika namba ile kila zamu, haukujifunza kudanganya. Inspekta alikitoa kijitabu kwenye uzi wake, akatuma waitwe wote wawili.

Saa nane kasoro robo walikuwa wamesimama mbele ya mashine, mzee na mkwe wake. Dada Pumzi aliegemea ukuta. Inspekta alikiweka kijitabu mezani, kimefunguliwa.

"Mzee, soma namba zako."

Mzee Nyota alizisoma kimyakimya. Mabega yakamshuka. Hakumtazama Inspekta, alimtazama mkwe wake.

"Baba, usiseme," Fundi alinong'ona.

"Mpigo wa pili ni wangu, mama," Mzee Nyota alisema. "Andika. Aliniomba nimpige kwa majaribio, nikampiga. Mkono ukabandika herufi kwa mazoea."

Fundi alifumba macho. Alipofungua, maneno yalitoka kwa haraka, yakikatizwa na kukohoa. "Mganga mkuu analalamika kila siku kwamba picha zinachelewa. Nikafungua kizuizi, nijaribu kadi zipeane zenyewe. Siwezi kumjaribia mgonjwa, ndiyo maana nikasimama mimi. Nilikuwa nikifunge baada ya dakika kumi, afande, wallahi. Mwalimu akaletwa kabla sijafunga. Nilipoona yaliyotokea niliogopa."

"Ukafuta picha yako, ukamwachia dada yako hapa msalaba."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Picha yako uliitazama kabla ya kuifuta?"

"Nilikuwa natazama saa, si picha. Ilichukua sekunde nne badala ya kumi na tisa. Niliona kifua kizuri, nikafurahi, nikafuta."

"Kifua kizuri," Inspekta alirudia. Alianza kuona alichokuwa akikitazama tangu asubuhi, na hakukipenda. "Nieleze ilikuwaje nusu mpya ikaungana na nusu nyingine. Taratibu."

Sauti ya Fundi ilibadilika, ikawa ya mtu anayezungumzia kazi yake. "Kadi ya kamera ina vyumba viwili vya kumbukumbu. Nusu ya juu inaingia cha kwanza, nusu ya chini cha pili. Kadi inasema 'tayari' mara cha kwanza kikijaa. Karani anajua tabia yake, anasubiri cha pili. Diski haijui. Ikisikia 'tayari' inabeba vyote viwili kama vilivyo."

"Na chumba cha pili, ambacho hakijapokea kitu kipya, kina nini?"

"Kilichobaki. Cha picha iliyotangulia."

"Picha yako wewe ilitanguliwa na nani?"

"Dereva." Fundi alikunja uso. "Kwa hiyo ile niliyoifuta... huku chini ilikuwa ya dereva."

"Na picha ya mwalimu ilitanguliwa na nani?"

Dada Pumzi ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu mapafu ndiyo kazi yake. Alijibandua ukutani. Siku nne alikuwa akiomba uonekane ukweli wake, na sasa ulipoonekana haukumpa furaha hata kidogo. Aliichukua picha ya mwalimu mezani, akaitazama ile nusu ya chini, ule weupe mzito uliosimama kama maziwa kwenye glasi, kisha akamtazama Fundi kifuani.

"Unakohoa tangu lini wewe?"

"Ni mafua tu. Baridi ya kule juu."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

Inspekta alikumbuka viatu visivyo na kamba, na kule kusimama katikati ya ngazi. Alikumbuka vikohozi tisa alivyovihesabu kama uongo tisa, na aliona aibu, akaiacha imuume.

Mzee Nyota alikuwa ameshaelewa. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa herufi yake, akatembea mpaka kwenye ubao wa kupigia picha ili aibandike. K ikamponyoka, ikaanguka sakafuni na kutoa mlio mzito. Aliinama kuitafuta, asiione, ingawa ilikuwa mbele ya kiatu chake.

"Niachie mimi, mzee," Dada Pumzi alisema.

"Wewe umesimamishwa kazi, binti yangu."

"Kamati haijakaa."

Juu, mtu aliita kwenye korido kwamba wajumbe wameshafika, wanamngoja Inspekta. Inspekta alikwenda akafunga mlango kwa ndani.

Dada Pumzi alimshika Fundi mabega, akamgeuza, akamsogeza mpaka kidevu kikakaa juu ya ubao. Alibandika K yake ya vitone viwili mahali pake. Fundi alimwacha amgeuze bila ukaidi, macho yametazama ukuta.

"Dada," alisema, "nisamehe."

"Nyamaza. Utatikisa picha."

Alikwenda nyuma ya kioo cha kinga, akaweka kidole kwenye kitufe. Mzee Nyota alikuwa bado ameinama sakafuni, K mkononi.

"Vuta pumzi," Dada Pumzi aliita, kwa ile sauti yake inayosikika mpaka nje. "Shikilia."

Fundi alivuta, akajaribu kuishikilia, akashindwa.

"Tena," alisema Dada Pumzi, na safari hii hakupiga kelele.